Kilio cha Madame Ngosa

TANGAZO. Uongozi wa Shule ya Msingi Kivukio unawaarifu wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani na umma kwa jumla kwamba, katika sherehe ya Jumamosi, viti vyeupe vitapangwa mbele na viti vya buluu vitapangwa nyuma. Kwamba kiti cheupe hakitahamishwa kwenda nyuma wala cha buluu kuletwa mbele, hata kikiwa kitupu. Na kwamba atakayekiuka agizo hili ataketi chini. Limetolewa Lubumbashi, katika komini ya Kenya. Mkurugenzi, Hénoc Katongo.

Tangazo hilo lilibandikwa langoni Jumatano asubuhi, likasomwa na wengi, na kujadiliwa na wachache wenye nafasi. Halikutaja sherehe yenyewe ilikuwa ya nini, kwa sababu hapakuwa na mtu asiyejua. Madame Edith Ngosa, mwalimu wa darasa la sita B, alikuwa anaagwa baada ya zaidi ya miaka arobaini ya kufundisha, karibu yote ndani ya komini ya Kenya, yaani kata ya Lubumbashi yenye jina hilo na si nchi, isipokuwa miaka michache ya mwanzo aliyoitumia komini jirani ya Kamalondo. Tangazo halikutaja pia jambo jingine, ambalo mkurugenzi alikuwa amelijua tangu mwanzo wa juma na hakuwa amemwambia mtu. Mwalimu kijana aliyepangwa kumrithi Madame Ngosa, aliyeitwa Bénédicte, alikuwa amepata nafasi katika shule ya binafsi inayosomesha watoto wa wahandisi wa migodi, na asingekuja.

Madame Ngosa alilipata jambo hilo kwa Bénédicte mwenyewe, aliyemfuata nyumbani kumwomba radhi. Alhamisi, watoto walipotoka, aliingia ofisini kwa mkurugenzi. Hénoc Katongo alisimama. Alikuwa amesoma darasa la sita kwa mama huyu, na katika miaka yote ya kuwa mkubwa wake kazini hakuwahi kufaulu kubaki ameketi anapoingia.

— Monsieur le Directeur, Bénédicte hakuye.

— Nilisikia, Madame.

— Ulisikia siku gani?

— Siku hizi.

— Siku hizi iko siku gani, Hénoc?

Mkurugenzi alimwonyesha kiti, naye Madame Ngosa hakukitumia.

— Basi musogeze ile fête ya kuniaga, alisema Madame Ngosa. Batoto bapite kwanza mutihani. Kiisha munipeleke fasi munapenda.

— Mbuzi ilishafika, Madame. Ba-tricots, zile fulana za sura yako, balishaprinter. Na inspecteur alishatoa tarehe. Tarehe ya inspecteur iko sawa mvua. Unaweza kuitumia ao kuiacha, lakini hauirudishe kule juu.

— Sikuombe urudishe mvua. Naomba miezi mbili.

Inafaa kueleza miezi hiyo miwili ilikuwa ya nini, kwa kuwa mtu wa nje angeweza kudhani kwamba ni mwalimu mzee tu aliyeshindwa kuachana na chaki. Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi hufanywa kila mtoto akiwa peke yake kwenye dawati lake. Lakini katika shule za komini ya Kenya watoto hukaa wanne, wakati mwingine watano, kwenye dawati lililotengenezwa kwa wawili. Tangu darasa la kwanza hawajawahi kuandika bila kiwiko cha jirani ubavuni. Siku ya mtihani wanaketishwa mbali mbali, kwenye shule wasiyoijua, na wapo wanaojua majibu yote ambao huikodolea macho nafasi iliyo wazi kando yao hadi saa inakwisha. Madame Ngosa aliliona jambo hilo katika miaka yake ya mwanzo, na tangu hapo, kila mwaka baada ya Pasaka, aliwazoesha watoto upweke. Kwa zamu, mmoja mmoja, aliwaketisha kwenye dawati moja alilolitenga karibu na ukuta, akawapa hesabu, akawaacha hapo hadi walipoacha kumtafuta mtu. Jambo hilo halimo katika mtaala wowote. Mwaka huo nusu ya darasa ilikuwa haijafika kwenye dawati la ukutani.

Mkurugenzi alilijua dawati hilo. Aliwahi kulia juu yake.

— Kuko kintu kimoja, alisema mwishowe. Ukishakula mbuzi ya kukuaga, lundi, Jumatatu asubui, bakikukuta tena mu classe, bantu batasema nini? Batasema tulikula michango yao bilashi, bure tu.

— Basi mukule, miye sitakula.

— Haiwezekane, Madame. Mbuzi iko yako.

Walikubaliana, kama watu wanavyokubaliana pale asiyekuwa na mamlaka anapokutana na asiyependa kuyatumia, kwamba ombi litapelekwa kwa inspekta wa shule hadharani, siku ya sherehe yenyewe. Kulikuwa na kikwazo kimoja. Kwa desturi ya shule, anayeagwa hasemi. Hukaa mbele, husemwa, hupewa kitambaa na sufuria, kisha hushukuru kwa kuinamisha kichwa. Iliamuliwa kwamba Mzee Zakari, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ndiye atakayemsemea.

Mzee Zakari alikuwa fundi wa cherehani wa Kamalondo, mtu wa ukoo uliotoka Maniema, mwenye kuswali kwa wakati na kuchelewesha nguo za watu. Pamoja na kushona, alikuwa akichapa fulana. Katika mji huu kazi kubwa ya mchapa fulana ni vilio. Mtu akifa, jamaa huleta picha. Kabla ya maziko fulana ziko tayari, uso katikati, jina juu, na chini yake mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, ikiunganishwa kwa kistari. Kamati ilipomletea Zakari picha ya Madame Ngosa na kumwambia ameanza kazi mwaka wa 1982, alifanya alichokuwa akifanya kila juma. Aliweka uso katikati, jina juu, na chini 1982 – 2025. Aliziona fulana hizo zikikauka kwenye kamba, akaona ni nzuri. Kamati ilizipokea, ikaona ni nzuri. Walimu walizivaa Jumamosi asubuhi mbele ya duka lake, na hakuna hata mmoja, miongoni mwa watu wanaolipwa kufundisha kusoma, aliyesoma kilichoandikwa kifuani mwa mwenzake.

Maandamano yalitoka Kamalondo kwa miguu kuelekea Kenya, yakitanguliwa na bendi ya kanisa jirani, ambayo ilijua wimbo mmoja wa mwendo wa pole na ikaupiga. Mtu anayetaka kulaumu atafute pa kuanzia. Watu waliokuwa barabarani waliona fulana nyeupe zenye uso mmoja, zikitembea polepole nyuma ya tarumbeta. Wenye baa walizima muziki. Kwenye soko, mwanamke mmoja aliyekuwa akipima dagaa aliutambua uso, akaweka kopo chini, akafungua kitambaa chake cha kichwa na kuanza kulia. Walio karibu naye hawakuuliza. Pikipiki za abiria ziliichukua habari na kuifikisha kila mahali kabla maandamano hayajavuka reli.

Maandamano yalipofika shuleni, uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wameketi chini juu ya mikeka, viatu vimevuliwa, kwa kuwa mfiwa haketi kitini, na viti vya rangi zote mbili vilikuwa vitupu. Wanaume walisimama kando ya ukuta, wamekunja mikono. Walikuwapo mafundi wa kuchomelea vyuma, madereva wa malori, muuguzi aliyekuja na koti lake jeupe, na mwanamume mmoja mwenye mvi aliyekuwa akirudia kwa sauti ya chini jedwali la saba, kuanzia mwanzo, bila kukosea.

Kaka yake Madame Ngosa, Mzee Dan, aliyesafiri kutoka Mitwaba kwa ajili ya sherehe, alikuwa miongoni mwao. Yeye alijua vizuri kwamba dada yake yu hai, kwa kuwa walikunywa chai pamoja asubuhi hiyo. Lakini wanawake walipoanza kulitaja jina la ukoo wake kwa maombolezo, alivua kofia, akalia pia. Baadaye alieleza kwamba mtu hawezi kuwakatiza watu wanaomlilia ndugu yake. Ingekuwa ukosefu wa adabu.

Madame Ngosa alikuwa darasani. Alikuwa amewaita watoto saba kati ya wale ambao hawajafika kwenye dawati la ukutani, akidhani kwamba saa chache za Jumamosi ni bora kuliko kukosa kabisa. Alisikia kilio, akafikiri ni cha nyumba ya jirani, akamwambia mtoto aliyekuwa dawatini aendelee kuandika. Kisha alisikia jina lake. Alitoka hadi mlangoni na kusimama.

Mlango huo ulikuwa upande wa nyuma, ukielekea mahali palipowashwa moto wa kupikia, na kwa muda hakuna aliyemwona. Aliwasikia wakimsema. Walimsema kama wafu wanavyosemwa, yaani kwa wema bila kipimo, lakini pia kwa usahihi ambao haukutarajiwa. Mmoja alisema mwalimu alivyomrudisha nyumbani akaoge, kisha akampa sabuni yake. Mwingine alisema alivyompiga, na akataja sababu, na akasema sababu ilikuwa ya kweli. Sauti ya mwanamke, ambayo hakuitambua, ilimwuliza amewaachia nani watoto. Swali hilo huulizwa katika kila kilio, na kwa kawaida halina maana yoyote.

Aliyemwona kwanza ni Mama Kavugho, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, ambaye binti yake Espérance alikuwa mmoja wa wale saba waliokuwa darasani. Alikuja nyuma ya mkokoteni wenye mfuko wa unga.

— Mama, unga ya kilio naweka wapi?

— Weka pale karibu na masufuria, Mama Espérance.

Kavugho alitazama uso uliomjibu. Kisha aliketi juu ya mfuko.

— Shi balisema ulifwa.

— Nani alisema?

— Bantu bote. Ata tricot inasema.

— Tricot njo inasema?

— Iko na mwaka ya kuanza na mwaka ya kumaliza. Unataka tusome namna gani ingine? Nilifunga dépôt, duka yangu yote, Madame. Nilifukuza ba-clients juu yako.

— Unisamehe.

— Apana, wala. Unga sirudishe. Kilio ikikosa maiti, bantu bangali na njaa. Kavugho aliangalia ndani ya darasa, akamwona binti yake akisubiri zamu. Na huyu anafanya nini humu, siku ya posho, Jumamosi?

— Anajifunza kuikala yeye moja.

— Bénédicte wenu mupya ataweza kumufundisha ile?

— Bénédicte hakuye.

— Shi nani anakuya?

— Hakuna.

Kavugho aliinuka, akamshika mkono kama anayemsaidia mgonjwa, na wakazunguka jengo pamoja hadi mbele ya watu.

Hakuna aliyecheka. Kilio kilikatika sehemu moja moja, kama mvua inavyokatika juu ya bati, na waliokuwa wa mwisho kunyamaza ni wale waliokuwa wamefumba macho. Mwanamume wa jedwali la saba alifika sitini na tatu, akasita. Bibi mmoja, ambaye alikuwa amelia kuliko wote, alimwangalia Madame Ngosa kutoka juu hadi chini.

— Edith, alisema, mimi nilitoka na magoti haya mpaka hapa. Siku utakufwa kweli, usinihesabu. Yangu nilishamaliza.

— Asante, Mama.

— Usiniambie asante. Ikala.

Madame Ngosa aliketi. Wengine, baada ya kutazamana, waliketi pia, wengi wao pale pale kwenye mikeka. Mzee Zakari alisimama peke yake mbele ya turubai la sherehe, akiwa amefunika kifua chake kwa mikono miwili, jambo ambalo halikusaidia, kwa kuwa mgongoni pia palikuwa na uso.

Inspekta Raoul aliwasili katika utulivu huo, akaudhani kuwa ni heshima aliyotengenezewa. Alisoma hotuba yake yote. Alisema kwamba mwalimu ni mshumaa, kwamba taifa linajengwa na mwalimu, na kwamba Madame Ngosa alikuwa mwalimu. Aliyasema kwa sauti nzuri. Kisha neno likapewa kamati ya wazazi.

Zakari alianza kwa kuomba msamaha, na kwa kitambo ilionekana kwamba hatafika mbali zaidi ya hapo. Alimwomba Mungu msamaha, kisha Madame Ngosa, kisha familia ya Mitwaba, kisha waliofunga maduka yao. Alisema mkono wa mtu huzoea kazi yake na kusahau kuuliza.

— Lakini, Monsieur l'Inspecteur, kuko neno moja, na hili sikukosea. Classe ya sixième B haina mwalimu ya lundi. Wazazi banaomba Madame abakie mpaka mutihani ipite. Njo ile tu. Asiongezwe kintu. Abakie tu.

Inspekta alimgeukia mkurugenzi. Mkurugenzi aliwageukia wazazi. Inspekta akauliza, kwa upole, kama wazazi wote wana mawazo hayo. Alikuwa ameuliza swali ambalo kwa kawaida hujibiwa kwa makofi, na makofi hayakuja. Watu waliangalia mikeka.

Aliyesema ni Mzee Dan. Alisimama kwa shida, kofia bado mkononi.

— Miye sina ubaya na kazi ya dada yangu. Lakini kwetu, muntu balishamulilia, hawezi kurudia mara moja ile kazi alikuwa anafanya. Anaikala kwanza ku nyumba, machozi ya bantu yakauke. Akirudia mbio, yale machozi inaanguka juu ya benye beko karibu naye. Na karibu naye beko batoto.

— Yaya, alisema Madame Ngosa akimwita kaka yake, inakauka siku ngapi?

— Haina siku. Inakauka tu.

— Mu mwezi wa sita itakuwa imekauka?

— Edith, miye sikutunga ile.

Hakuna pale aliyeweza kusema ni nani aliyeitunga. Hakuna pia aliyeweza kusema kwamba haikutungwa. Mama mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye haamini mambo hayo, lakini mtoto wake ni mmoja tu. Mwingine alisema hivyo hivyo, naye ana wanane. Mama Kavugho alisimama na kusema kwamba machozi yake aliyamwaga juu ya unga, unga utapikwa, na yeye ataula. Espérance ataingia darasani lundi. Alitazama huku na huku akitafuta wa pili. Muuguzi aliinua mkono, kisha akakumbuka kwamba hana mtoto katika shule hiyo, akaushusha.

Inspekta, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepigana na imani za namna hiyo katika ripoti zake, alisikiliza kwa makini na kwa nafuu iliyoonekana. Alisema kwamba utawala unaheshimu desturi za wananchi. Alisema pia kwamba, hata bila desturi, mwalimu aliyekwisha kuagwa hana nafasi kisheria, na asiye na nafasi akisimama darasani, mtoto akianguka na kuvunjika mkono, hajulikani atajibu nani. Mzee Dan aliitikia kwa kichwa. Ndivyo watu hao wawili, ambao hawakuwa na jambo moja walilolijua kwa pamoja, walivyoafikiana.

Hapo Madame Ngosa alisimama. Ulikuwa ni ukiukaji wa utaratibu, na mkurugenzi, kwa mazoea, akasimama pia.

— Sina hotuba, alisema. Leo nimesikia mambo ambayo muntu hasikie, na ninashukuru. Munilie, munipe mbuzi, munipeleke ku nyumba, yote nimekubali. Nauliza tu kintu kimoja. Lundi asubui, kengele ikilia, nani anaingia mu sixième B?

Alingoja. Alikuwa na mazoea ya kungoja jibu baada ya kuuliza, na aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama alivyowatazama wengi wao walipokuwa na miaka kumi na miwili. Walimwepuka kwa namna ile ile. Kutoka nyuma ya jengo ilisikika sauti ya wale saba, ambao hakuna aliyekumbuka kuwaruhusu kutoka, wakibishana ni zamu ya nani kwenye dawati.

Inspekta aliomba muda. Yeye na mkurugenzi walikwenda ofisini, wakafunga mlango. Mbuzi ilipakuliwa pamoja na bukari, ugali wa unga wa Kavugho, na watu wakala bila maneno mengi, kama inavyoliwa baada ya maziko. Madame Ngosa alipelekewa sahani yake kwanza. Aliitazama, akaimega bukari, akala, kwa kuwa watu walikuwa wanamwangalia na wasingekula kabla yake.

Wakubwa hao wawili waliporudi, mkurugenzi alikuwa na karatasi yenye muhuri. Alimtazama mwalimu wake mara moja, kisha hakumtazama tena, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka:

«Kwa kuzingatia utumishi wa muda mrefu wa Madame Edith Ngosa, kwa kuzingatia maoni ya familia na ya wazazi, kwa kuzingatia ulazima wa haraka, inaamuliwa yafuatayo. Kifungu cha kwanza: chumba cha darasa la sita B kitaitwa, kuanzia leo, Chumba Edith Ngosa. Kifungu cha pili: Madame Ngosa anatunukiwa cheo cha mwalimu wa heshima wa darasa hilo, cheo kisichompa ruhusa ya kufundisha. Kifungu cha tatu: wanafunzi wa darasa la sita B wataingia chumbani mwao kila siku kwa saa za kawaida, wataketi kwenye madawati yao, na watangoja. Kifungu cha nne: uamuzi huu unaanza kutumika Jumatatu.»